Kitanda Kilichokataa Bolti

Nyumba yetu ni ya mawe, na zamani Isiolo nyumba ya mawe ilikuwa kitu cha kumpeleka mgeni akaone. Aliijenga babu, askari wa Kisomali aliyepigana vita vya Waingereza, akavimaliza, kisha akaambiwa akae hapa na asivuke pale. Akakaa. Akaanza kuuza ng'ombe, baadaye akanunua lori, na alipopata nguvu akajenga jumba lenye veranda pande zote nne na kuta nene ambazo mpaka leo simu haishiki mtandao ukiwa ndani. Siku hizi tumezungukwa na maghorofa ya kupangisha, na wapangaji wa juu wanajua tumepika nini kabla hatujapakua. Lakini mtu wa bodaboda ukimwambia "jumba" anakuleta kwetu bila kuuliza.

Chumba ninachotaka kusimulia ni kile cha ndani kabisa, upande jua linakochomoza. Humo babu aliweka vitu alivyonunua kwa afisa mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kuna kabati refu la nguo lenye kioo mlangoni, kioo kilichoota madoa ya kahawia hivi kwamba ukijitazama unaonekana umeugua ndui. Ayeyo, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kisomali, alikuwa akifukiza ubani ndani ya kabati hilo kila Alhamisi, na mbao zake kwa ndani zimekuwa nyeusi tititi. Ukilifungua unapokelewa na harufu ya harusi zote za ukoo. Kuna meza ya kunawia uso yenye jiwe jeupe juu, na beseni zito la Kizungu lenye maua ya buluu pamoja na jagi lake. Kuna kiti cha kukunja cha askari. Halafu kuna kitanda.

Kitanda ndicho mwenye chumba. Kina nguzo nne ndefu kunipita, zimechongwa mkufu wa majani yasiyoota Isiolo, na mti wake ni mwekundu na mzito ambao sijawahi kuona mafundi wawili wakikubaliana jina lake. Kila pembe, pale mbao za ubavuni zinapokutana na nguzo, ayeyo alikuwa ameivalisha kikanzu cha kitambaa kilichoshonwa kikakaza. Tukiwa watoto tulidhani ni pambo. Kila baada ya miaka kadhaa vikanzu vilibadilishwa, na siku hiyo sisi watoto tulifukuzwa nje mpaka kazi ikaisha.

Kwetu bi harusi na mumewe hukaa ndani siku saba, na makao ya siku hizo huletwa na upande wa mwanamke. Zamani, malishoni, ilikuwa aqal, nyumba ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, ambayo wanawake hutengeneza vifaa vyake kwa miezi mingi na kuisimamisha kwa mikono yao wenyewe. Wanaume hukaa kando wakinywa chai. Sisi tuliozaliwa mjini, aqal yetu ni hicho chumba. Shangazi zangu wote walikaa siku zao saba humo, nami pia, zamani, nikiwa na kiuno cha kujivunia. Kwa hiyo binti yangu alipochumbiwa sikuwa na haja ya kufikiri angekaa wapi. Nilipanda gari nikaenda Nairobi kutafuta nguo za harusi, maana mimi ni muuza vitambaa na siwezi kuaibishwa na vitambaa.

Niliporudi nilikuta kitanda kiko kwenye veranda, vipande vipande.

Ndugu yangu ndiye aliyefanya hayo. Ni mkubwa wangu, ana malori yanayokwenda Moyale na kurudi, na tangu baba afariki ndiye anayeshika nyumba. Alitaka chumba kipakwe rangi kabla ya harusi, jambo jema kabisa, akaita wapakiaji wake, vijana wa kubeba magunia, wakafungua kitanda na kukitoa. Rangi ilipakwa. Ikawa ya kijani ya kuumiza macho, lakini ilipakwa. Kisha wakajaribu kukirudisha kitanda, kikawa hakisimami.

Aliitwa fundi, Mmeru mwenye karakana upande wa barabara ya Meru, mtu mwaminifu ambaye hata bei yake haibishaniwi. Akaja na bolti ndefu. Kwenye nguzo kulikuwa na matundu ya zamani, yamepanuka hata kidole changu kilizama, na bolti zikacheza humo. Akajaribu kutoboa mapya, mti ukamvunjia keekee. Akafunga kwa vyuma vya pembe, akasukuma nguzo moja, na nyingine zote tatu zikaenda nayo upande mmoja.

"Mama, mimi nimetengeneza vitanda za mahospitali," akaniambia, akijipangusa jasho. "Hii haitaki bolti. Hata sijui hapo kwanza ilishikwa na nini."

Ndugu yangu hakusikitika. Alikuwa ameshapata mtu wa hoteli moja ya watalii huko njia ya Nanyuki, ambaye alikuwa akikitaka kitanda na kabati kwa muda mrefu.

"Abaayo, dada yangu, hiyo kitanda imekufa," akasema. "Wacha huyo mtu aichukue pamoja na hizo vitu zingine. Mimi nitaletea msichana kitanda mpya kutoka Nairobi. Iko na taa kwa kichwa."

"Taa ya nini?"

"Ya kupendeza. Inabadilisha rangi."

"Kwani bi harusi ni duka la simu?"

Hapo akakasirika, na mtu akikasirika husema lile alilokuwa amelihifadhi. Akaniambia mimi niliolewa nikatoka. Nikafiwa na mume, nikarudi, wakanipokea, wala hakuna aliyeninyima chakula. Lakini nyumba ni ya wanaume wa baba yetu, na mimi humo ni mgeni.

Niliumia. Sitaficha. Nimezaliwa katika chumba kile, yeye amezaliwa katika chumba kile, na mama yetu ni mmoja. Nilitaka kulia, lakini mdomo wangu haunisubiri.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nikamwambia. "Mimi nimelima hapa hadi mgongo umepinda. Sasa mimi ni mgeni gani, abowe, kaka yangu?"

Hasira ikamshuka, naye ni mtu wa haki akishapoa. Kisha akasema neno la kibiashara, kama kawaida yake. Harusi ilikuwa Jumapili. Kitanda kikisimama kufikia Jumamosi, kitakaa, vitu vyote vitakaa, na chumba kitakuwa changu mimi na binti yangu, hataingiza mkono tena. Kikikataa, Jumamosi hiyohiyo lori litakipeleka Nanyuki, na chumba kitafanywa stoo ya tairi baada ya harusi. Nikakubali palepale, mbele ya fundi, ilhali sikuwa na wazo lolote la kukisimamisha.

Kesho yake, Alhamisi, alikuja rafiki yangu. Ni Mborana wa Kulamawe, anauza maziwa ya ngamia sokoni jirani na meza yangu ya vitambaa, na alikuwa ameleta vibuyu vya maziwa ya wageni wa harusi. Nilimkaribisha kwenye veranda, nikamwagia malalamiko yangu yote kabla hajavua viatu. Yeye alinisikiliza akiwa anapapasa nguzo iliyolala, kama anavyopapasa mnyama anayetaka kumnunua. Akafika kwenye pembe. Vikanzu vya ayeyo havikuwepo tena. Akaweka kucha yake kwenye mti na kuizungusha.

"Angalia hapa," akasema. "Kamba imekula mti."

Nikatazama. Palikuwa na mifereji, mingi, myembamba, inazunguka nguzo na kupita chini ya ubao wa ubavuni, laini, imeng'aa kwa kusuguliwa miaka mingi. Nilikuwa nimelala juu yake siku saba na sikujua ipo.

"Nyinyi watu ya mji mnanifurahisha," akaendelea. "Munaita fundi, munaita bolti. Hii si kazi ya fundi. Hii imefungwa kama nyumba. Ni mama amefunga hii."

Basi nikakumbuka hadithi ambayo babu alipenda kuisimulia wageni wakicheka. Kwamba kitanda kilipoletwa juu ya ngamia kikiwa vipande, gunia la bolti zake lilianguka majini walipokuwa wakivuka mto, na ayeyo, wakati huo msichana aliyeolewa mbali na mama yake bila aqal yoyote, alikataa kungoja bolti nyingine zitoke kwa Wazungu. Hadithi ilikuwa inaishia hapo, kwa kicheko juu ya ukaidi wa ayeyo. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kitanda kilishikwa na nini. Alikuwa amekifunga kwa kanda za ngozi ya ngamia, vile wanawake wa kwao walivyofunga miti ya nyumba, akakificha kifundo chini ya kikanzu ili wageni wa mumewe wasiseme.

Nikawaita wapakiaji. Nikawauliza kwa upole, upole ambao wanaonijua wanauogopa, ni nini kilichokuwa kwenye pembe za kitanda.

"Kulikuwa na ngozi chafu imekauka hapo, mama," mmoja akajibu. "Ilikuwa ngumu kama chuma. Tulikata na kisu."

"Mkaiweka wapi?"

"Tulitupa nyuma ya ukuta. Mbwa zilibeba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wajukuu wa wafugaji, mababu zao walifunga kila kitu duniani kwa ngozi, nao wameiona ngozi wakaita uchafu. Na mimi sikuwa bora kuliko wao, maana ningaliiona kabla yao ningalichukua sabuni.

Rafiki yangu hakupoteza muda. Alikwenda machinjioni akarudi na ngozi mbichi ya ngamia ndani ya gunia, na harufu yake ikatangulia getini. Tukaiparua manyoya uani. Kisha akakaa chini na kisu kidogo, akaanza ukingoni na kuikata kwa kuizunguka, ukanda mmoja mrefu usiokatika, akizungusha ngozi huku akinisimulia habari za kondoo wa dada yake. Kanda zilihitaji kulowekwa zilainike. Ndoo zote zilikuwa kwa wapishi. Nikaingia chumbani nikaleta lile beseni la maua ya buluu, lililonawiwa na yule afisa Mzungu na baadaye na maharusi wa ukoo mzima, nikazilaza kanda humo. Sijawahi kuliona likifanya kazi ya maana zaidi.

Ijumaa tukarudisha mbao chumbani na kuanza. Tulikuwa watatu: rafiki yangu, mimi, na binti yangu, ambaye anafanya kazi katika ofisi ya kaunti na alikuwa ametoka kubandikwa kucha za harusi. Rafiki yangu ndiye aliyejua kifundo. Mimi nilisoma mifereji kwa kidole na kumwambia ukanda upite wapi, chini ya ubavu, mara mbili kwenye nguzo, upishane katikati, urudi. Ayeyo alikuwa ameacha njia yake yote kwenye mti. Pembe ya kwanza ilitushinda mara kadhaa. Ya pili ikaenda. Binti yangu ndiye aliyekuwa akivuta mwisho wa ukanda, mguu wake umekanyaga nguzo.

"Mama, kucha zangu," akasema.

"Kucha zitaota. Kaza."

Akakaza. Moja ikaruka na kugonga kioo cha kabati, naye akacheka, na kuanzia hapo akavuta kama mtu anayeteka maji kisimani. Nilimtazama, jasho linamtoka, ngozi ya ngamia inamnukia mwilini siku mbili kabla ya harusi yake, nikajisikia fahari ambayo hata siku ya kufuzu kwake chuoni sikuwa nayo.

Ndugu yangu akaja kusimama mlangoni baada ya swala.

"Salaam aleikum. Mnafunga kitanda ama mbuzi?"

Tukamjibu salamu tu. Akaingia, akaweka kidole kimoja kwenye nguzo na kuisukuma. Ikaenda. Ikarudi. Kitanda chote kilikuwa kinalegalega kuliko hata wakati wa bolti, maana ngozi mbichi haina nguvu yoyote, inateleza mkononi kama utumbo. Akacheka kwa raha, akasema atakikalia aonyeshe mbele ya wote kwamba kimekufa, ili mambo yaishe na lori lianze kupakiwa.

"Hapana," nikamwambia. "Ngozi bado ni mbichi. Ingoje ikauke."

"Na nikikaa sasa?"

Nikamsukuma hadi nje ya mlango, nikakikunjua kile kiti cha askari, nikakiweka katikati ya mlango, nikakaa mimi. Mimi si mwembamba, na mlango ule ulijengwa enzi za watu wembamba.

"Haraka haraka haina baraka, abowe. Nenda ukanywe chai."

"Nitaita ile mtu ya hoteli leo."

"Mwite. Naye atakunywa chai akingoja."

Nilifungua madirisha yote mawili kabla ya kukaa. Upepo wa Isiolo nimeulaani maisha yangu yote, unavyoingiza vumbi kwenye vitambaa vyangu hadi mteja anauliza kama ni rangi yake. Ijumaa ile nilimshukuru Mungu kwa kila pumzi yake. Ulipita chumbani mkavu na wa moto, kutoka dirisha moja hadi la pili, na ngozi ikaanza kubadilika, kwanza ikapoteza ung'avu, kisha ikawa ya njano. Alasiri mbao zikaanza kulia. Kwanza mlio mdogo kwenye pembe ya kichwani, halafu pembe ya miguuni ikajibu, kisha zote zikawa zinaguna kwa zamu, ngozi ikijivuta na kuukamata mti. Rafiki yangu alikuwa amekaa sakafuni akila tende.

"Sasa imeanza kuuma," akasema.

Ndugu yangu aliisikia milio hiyo kutoka kwenye veranda. Alikuja mara moja, akasimama nyuma ya kiti changu, akasikiliza, akaenda kunywa chai. Nilikaa pale mpaka jua likazama, isipokuwa kwa swala, na wakati wa swala rafiki yangu aliweka miguu yake mlangoni.

Jumamosi asubuhi sauti zilikuwa zimekoma. Nilimwita fundi aje awe shahidi, kwa kuwa aliona kushindwa na ni haki aone na kushinda. "Habari ya hapa," akasema, akavua kofia alipoona kanda, ngumu, zimekauka, zimeingia kwenye mifereji kila moja mahali pake. Alishika nguzo kwa mikono miwili akaitikisa. Akaishika nyingine. Kisha akaweka bega.

"Hii ata ukifunga trela itavuta," akamwambia ndugu yangu. "Haiwezi vunjika."

Ndugu yangu akavua viatu. Ni mtu mzito, mwenye tumbo la safari nyingi na nyama nyingi za Moyale. Akakaa ukingoni polepole. Hakuna kilichosikika. Akarukaruka kidogo, kama mtoto, nasi wanawake tukatazama ukutani tusimwaibishe. Kisha akainua miguu, akalala chali kwenye mbao tupu, akatazama dari, na alikaa vile muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima kitanda. Niliona machozi yakielekea masikioni mwake. Yangu yalikuwa tayari yamefika kidevuni, na sikuyafuta, nilitaka ayaone.

Alipoinuka alitoka kwenye veranda akampigia simu dereva wa lori amwambie aende na mzigo mwingine. Tukaleta godoro, shuka, mito. Nikashona vikanzu vipya kwa kitambaa bora nilichonacho sokoni, kisha nikabadili nia, nikaacha pembe zikae wazi.

Jumapili, baada ya nikaha, wazee wa upande wa bwana harusi waliletwa kuona chumba, ilivyo desturi, wajue kijana wao atalala wapi. Walikuwa wengi, na ndugu yangu ndiye aliyewaongoza akiwa na kanzu mpya na manukato. Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye korido pamoja na bi harusi na wanawake, shela yake ikiwa imemfunika. Mkubwa wa wazee hao, mtu wa miaka mingi kutoka upande wa Burat, aliinama kwenye pembe ya kitanda, akagusa ngozi, akagonga nguzo kwa bakora yake.

"Hii sijaona tangu mama yangu," akasema. "Kitanda hii ni ya nani?"

Nilijua jibu. Lilikuwa "ya babu yetu", na lilikuwa jibu la kweli, na ndugu yangu amelitoa kwa wageni tangu aote ndevu. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akageuka, akapitisha macho juu ya vilemba vyote vile mpaka akanipata.

"Ni ya dada yangu," akasema. "Mimi ilinishinda. Fundi ilimshinda. Yeye ndiye amesimamisha."

"Basi na nyumba ni yake," mzee akasema. "Kwetu nyumba ni ya mwenye kuisimamisha. Si ndiyo?"

Ndugu yangu akaitikia kwamba ndiyo, kwa sauti, wazee wote wakasikia. Wakasogea ukutani kutupa njia, nami nikapita katikati yao, nimemshika binti yangu mkono, nikamwingiza ndani.